Usukani na Jasho: Wapenzi wa Magari na Riziki Zao Songea

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, hadithi, mavazi na mila za arusi na maziko. Mwenyeji wa Songea akiulizwa utamaduni wa kwao ataitaja ngoma ya lizombe ya Wangoni, ataitaja mganda na kioda za watu wa kando ya Ziwa Nyasa, kisha atakumbuka Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 na mashujaa walionyongwa mjini hapo mwaka 1906, miongoni mwao Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake. Yote hayo ni kweli, na yafaa yafundishwe. Lakini utamaduni wa watu haukomi katika yale wanayoyacheza na wanayoyaomboleza. Umo pia katika kazi za mikono yao, na katika namna wanavyoupokea ujuzi mgeni wakaugeuza kuwa wao, wakala kwa huo na kusomesha watoto.

Katika insha hii tumekusudia kueleza habari za watu ambao kalamu zetu zimewapita kando: wapenzi wa magari. Swali letu ni jepesi kulitamka. Mtu anayependa gari, na ambaye hana fedha za kulinunua, ataishi vipi na mapenzi yake hayo? Atakula nini?

Katika nchi za viwanda swali hilo lina jibu la namna moja. Mpenzi wa gari ni karani, daktari au mfanyabiashara. Siku tano hutafuta riziki mahali pengine, na siku ya mapumziko huingia bandani kulisugua gari lake la kale. Huko Uingereza, katika kijiji cha Beaulieu, yako makumbusho ya magari yaliyoanzishwa mwaka 1952 na mtu wa ukoo wa kikabaila, naye aliyaweka katika makao ya ukoo wake. Huko mapenzi ya gari hulishwa na kazi nyingine. Songea mambo yalikwenda kinyume. Hapa mapenzi ya gari yalilazimika kumlisha mpenzi mwenyewe, pamoja na mkewe, wanawe na wazazi wake. Kwa hiyo historia ya wapenzi wa magari wa Songea ni historia ya kazi, na tukitaka kuielewa hatuna budi kuanza kabla gurudumu halijafika.

Mabega kabla ya magurudumu

Kabla ya gari, mzigo wa nchi hii ulibebwa na binadamu. Pembe, nguo, chumvi na bunduki zilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Gari lilipokuja halikuwaondolea watu hao mzigo kwa siku moja. Mwaka 1907 ofisa mmoja Mjerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa akikusudia kulivuka bara la Afrika, naye alifika Swakopmund, katika pwani ya Atlantiki, mwaka 1909. Vitabu vya Ulaya humsifu kuwa ndiye mtu wa kwanza kulivuka bara hili kwa gari. Hatukatai sifa hiyo. Twaongeza tu kwamba mara nyingi gari lile lilivutwa kwa kamba na kusukumwa na Waafrika, penye mito, penye mchanga na penye miinuko. Basi safari ya kwanza ya gari katika bara letu ilikuwa pia safari ya mabega.

Vita Kuu ya Kwanza ilithibitisha jambo hilo kwa uchungu zaidi. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia Songea mwezi wa Septemba 1916. Magari yaliyotumika katika vita hivyo yalikwama katika tope za masika, na kazi ikawarudia wapagazi. Walikufa kwa maelfu mengi, kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam unaojulikana na kila Mtanzania, limetokana na jeshi hilo la wapagazi. Yafaa mwanafunzi akumbuke kwamba siku hizi mtu anayekwenda Kariakoo kutafuta spea za gari anaingia mahali palipopewa jina na watu waliofanya kazi ya magari kabla magari hayajaweza kuifanya.

Tumbaku, manamba na lori

Songea haikupata kuwa na reli. Jambo hilo moja laeleza mengi. Bidhaa zote zilizotoka na zilizoingia ziliitegemea barabara, ama ya kaskazini kupitia Njombe, ama ya mashariki kupitia Tunduru hadi bandari za Lindi na Mtwara. Wakulima wa tumbaku waliunda chama chao kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kwa kifupi NGOMAT, mwaka 1936. Tumbaku ya Songea hukaushwa kwa moshi wa moto, nayo ikiisha kufungwa marobota haingoji. Ilihitaji lori, na lori lilihitaji watu: dereva wa kuliendesha, utingo wa kulitumikia, na fundi wa kulifufua.

Wakati huo huo vijana wengi wa Songea walikuwa wakienda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Hapo mwanzo walikwenda kwa miguu, safari ya majuma mengi. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika la kuajiri vibarua, SILABU, lililowasafirisha manamba kutoka mikoa ya mbali. Hivyo kwa watu wengi wa rika la babu zetu, mara ya kwanza kupanda gari ilikuwa kupanda nyuma ya lori kama mzigo miongoni mwa mizigo. Hawakuonyeshwa injini. Lakini kijana mwenye macho hakosi la kuliona. Alimwona dereva akishuka, akifungua boneti, akitia maji, akisikiliza. Akatambua kwamba katika chombo kile alikuwamo mtu mmoja mweusi kama yeye ambaye hakuwa mzigo.

Vita Kuu ya Pili, ya mwaka 1939 hadi 1945, ilifungua mlango mwingine. Jeshi lilihitaji madereva na mafundi, na vijana wa Tanganyika walifunzwa kazi hizo, wengine wakafika hata Burma. Waliporudi walikuwa na ujuzi ambao hakuna mkoloni aliyeweza kuuchukua tena kutoka mikononi mwao. Palikuwa pia na shule za ufundi. Watawa wa Kibenedikto wa Peramiho, kiasi cha maili kumi na tano kutoka Songea, waliokuwako tangu mwaka 1898, walikuwa na karakana zao na shule ya ufundi. Katika miaka ya 1950 Serikali ikawa na shule za ufundi za Ifunda na Moshi. Lakini nafasi za shule hizo zilikuwa chache mno. Shule ya walio wengi ilikuwa lori lenyewe.

Ngazi ya utingo

Tueleze shule hiyo, maana ilikuwa na madarasa yake na mitihani yake, ingawa haikuwa na ubao wala chaki.

Darasa la kwanza lilikuwa la utingo, ambaye wengine walimwita taniboi. Kazi yake ilikuwa kupakia na kupakua, kufunga turubai, kuchota maji mtoni, na kuruka chini na kigingi mkononi mara lori linaposimama katika mwinuko. Kigingi hicho kilikuwa ni gogo tu la kuzuia gurudumu lisirudi nyuma, lakini kwalo yaliokoka maisha ya watu wengi. Barabara ya Songea na Njombe ina mlima wa Lukumburu, ambao madereva wa zamani waliuogopa kama watu waogopavyo mto wenye mamba. Wakati wa mvua lori liliweza kulala hapo siku mbili au tatu. Utingo ndiye aliyechimba tope kwa jembe, akakata matawi ya kutandika chini ya matairi, akafunga minyororo, akasukuma. Usiku alilala juu ya mzigo kuulinda.

Darasa la pili lilikuwa la mikono. Utingo alifunzwa kufungua tairi kwa vyuma viwili, kuziba pancha, kusafisha plagi, kukaza nati za springi na kupima mafuta ya injini. Hakuruhusiwa kugusa usukani. Alipoharibu alipigwa kofi au alikatwa posho. Hatusemi kwamba shule hiyo ilikuwa ya upole. Darasa la tatu lilikuja kwa kuibiwa zaidi kuliko kwa kufundishwa. Dereva akiwa amechoka, mahali penye tambarare na pasipo na askari, alimwachia utingo usukani kwa maili chache. Siku hiyo kijana hakuisahau maishani mwake. Mwisho kabisa ilikuja leseni, na baada ya leseni, kwa waliobahatika, cheo cha dereva wa ushirika, wa misheni, wa halmashauri au wa Serikali, chenye mshahara wa mwezi na kiinua mgongo.

Ngazi hiyo iliwapandisha vijana kutoka ukuli hadi utu uzima wenye heshima. Katika vijiji vya Ungoni na Umatengo dereva alikuwa mtu wa kutajwa. Alileta barua, dawa, nguo na habari za ulimwengu. Wazee walimtuma, akina mama walimwombea, na watoto walilikimbilia lori lake mpaka vumbi likawafumba macho.

Sisi ambao utoto wetu ulikuwa wa miaka ya 1970 na 1980 tulikuwa miongoni mwa watoto hao. Tulitengeneza magari ya waya, magurudumu yake tukiyakata katika kandambili kuukuu, na usukani wake ukiwa kijiti kirefu kilichotufikia kifuani. Tulishindana ni nani gari lake lina springi, ni nani lina taa za vifuniko vya chupa. Wakati wa Pasaka redio ilituletea habari za mashindano ya Safari Rally, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na ambayo katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tulilijua jina la Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara tano, kwanza mwaka 1973 na kisha mfululizo kutoka 1979 hadi 1982.

Wazee walitusimulia pia habari za Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Mtu huyo alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alizaliwa Kericho katika nyumba ya fundi, akajifunza spana kabla ya kujifunza mbio. Bert Shankland naye, mzaliwa wa Uskoti aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo wakati ule lilipita katika barabara zetu likibeba abiria wa kawaida. Basi hata katika mchezo, ambao Ulaya ungeweza kuwa starehe ya matajiri, Afrika Mashariki ilimpa nafasi mtu aliyeijua injini kwa kuishi nayo.

Barabara ya Zambia na miaka ya dhiki

Mwezi wa Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wa ubaguzi, na Zambia ikakabwa njia zake za kusini. Mwaka 1966 Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya malori ya kupeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba. Malori ya Fiat yenye matela yakaingia katika barabara ya udongo iliyoitwa njia ya jehanamu, kwa sababu ya ajali zake. Baadaye lilikuja bomba la mafuta mwaka 1968, kisha lami, kisha reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Makambako, mahali ambapo barabara ya Songea huikuta barabara hiyo kuu, pakawa mlango wetu wa kutokea ulimwenguni. Kijana wa Songea aliyetaka kuwa dereva wa masafa hakuwa na haja tena ya kwenda Tanga. Alishuka Makambako akangoja bahati yake.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilichukua malori na mabasi, ya mashirika na ya watu binafsi, yakaenda kubeba askari. Fedha za kigeni zikawa haba, na spea zikawa adimu kuliko dhahabu. Watu wa nje walishangaa jinsi magari ya Tanzania yalivyoendelea kutembea. Yalitembea kwa sababu ya mafundi. Gasketi zilikatwa kwa mkono katika maboksi na mabati. Springi zilizovunjika zilifuliwa upya. Gari moja lilikufa ili mengine matatu yaishi, na fundi alijua katika kumbukumbu yake kila kiungo kilipokwenda. Hatudai kwamba kila ufundi wa siku hizo ulikuwa salama; breki zilizotiwa maji ya sabuni ziliwaua watu. Lakini asiyeutambua uhodari wa watu hao hajui taifa hili lilivukaje miaka ile.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 barabara ya Makambako na Songea, yenye urefu wa kilomita zinazokaribia 300, iliwekwa lami. Songea ikawa karibu na Tanzania nyingine. Mahindi ya Ruvuma, mkoa uliohesabiwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya chakula, yakapata njia, na kahawa ya Mbinga pia. Gereji zikaongezeka mitaani.

Mzee wa chini ya mwembe

Hapa yatupasa kumweleza mtu mmoja. Hatutamtaja jina, kwa kuwa hakututuma.

Alikuwa fundi mjini Songea. Gereji yake ilikuwa mwembe, tawi moja nene lenye cheni ya kuning'inizia injini, na shimo lililochimbwa ardhini ili aingie chini ya gari. Alianza kama utingo wa lori la tumbaku. Gari likiletwa kwake hakuwa na haraka ya kufungua kitu. Aliomba liwashwe, akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake sikioni, akafumba macho. Kisha alisema, "Silinda ya tatu, ringi zimekwisha," na injini ilipofunguliwa ilikuwa kama alivyosema. Vijana waliopita mikononi mwake hatuwezi kuwahesabu. Yeye mwenyewe hakupata kumiliki gari. Alikuwa na baiskeli.

Katika miaka ya 1990 sisi tulikuwa karani katika ofisi moja ya umma. Ikatokea nafasi ya fundi mchundo, na mzee yule akaiomba, kwa kuwa umri ulikuwa unasogea naye alitamani mshahara wa uhakika. Jibu la ofisi lilikuwa kwamba hakuwa na cheti cha shule wala cheti cha majaribio ya ufundi, na kwa hiyo hakufaa. Barua hiyo tuliipiga taipu sisi, kwa mikono yetu, na tukampelekea sisi wenyewe. Tulimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitika, akajifuta mikono, akaisoma barua polepole mpaka mwisho. Kisha akasema, "Marahaba tena, mwanangu. Barua imeandikwa vizuri. Gari lenu likilala, mje mniite."

Gari lililala kabla ya mwezi kwisha. Tulikwenda kumwita. Alikuja, akalifufua, akalipwa ujira wa siku moja.

Mzee huyo amekwisha kufariki. Sikio lake limekwenda naye, na hakuna kitabu kilichoandika alilolijua. Kama ni kosa, si la utaratibu wa ofisi peke yake. Sisi tuliokuwa na kalamu, tuliotunga mashairi ya kusifu milima ya Matogoro na mto Ruvuma unaoanzia huko, hatukuona kwamba chini ya mwembe ule palikuwa na chuo. Ndiyo sababu tunaiandika insha hii, ingawa tumechelewa.

Lugha iliyotoka gereji

Yuko atakayesema kwamba gari ni la Wazungu, na kwamba kulihesabu katika utamaduni wetu ni kujidanganya. Tumjibu kwa mifano miwili. Kwanza, mganda. Wazee wa kando ya Ziwa Nyasa waliwaona askari wa kikoloni wakipiga gwaride na matarumbeta. Waliuchukua mpangilio ule wa safu, wakatia ngoma na vibuyu vyao, wakatunga nyimbo zao, na leo hakuna mtu mwenye akili asemaye kwamba mganda ni ngoma ya kigeni. Gereji nayo ni hivyo hivyo.

Pili, lugha. Kiswahili kilipolipokea gari hakikukaa kimya. Neno usukani lilitolewa katika jahazi likapewa lori, na dereva akawa mrithi wa nahodha. Neno gari lenyewe lilitoka Bara Hindi. Kutoka Kiingereza tulichukua gia, breki, klachi, tairi, pancha na jeki, tukayavika sauti zetu. Kisha maneno ya gereji yakatoka nje, yakaenda kuhudumia maisha. Mtu aliyeshindwa jambo huambiwa amechemsha, kama injini iliyokosa maji. Aliyekimbia hatari huambiwa amekula kona. Hata vitu vyenyewe havikubaki vile vile. Matairi makuukuu yalikatwa yakawa makatambuga ya kuvaliwa shambani, na springi za malori ziliingia katika mivukuto ya wahunzi zikatoka zikiwa majembe, mapanga na visu. Wapangwa na Wakinga, majirani wa kaskazini, walikuwa wakiyeyusha chuma tangu enzi za mababu. Fundi anayechomelea leo hakuanza ukoo mpya; amejiunga na ukoo wa zamani.

Hali ya leo

Tangu mwaka 1984, biashara ilipoanza kulegezwa, magari yaliyotumika yamekuwa yakiingia nchini kwa wingi, hasa kutoka Japani. Mwalimu au mwuguzi wa leo aweza kununua gari dogo, jambo ambalo baba yake hakuliota. Riziki za wapenzi wa magari zimegawanyika kama matawi ya mti. Yuko fundi wa injini, fundi umeme, fundi wa bodi na rangi, mziba pancha, mwosha magari, mwuza spea, dereva wa teksi, na dereva asiye na gari maalumu anayeshika zamu ya mwenzake, ambaye vijana humwita deiwaka. Zikaja pikipiki za bodaboda na bajaji, zikawapa kazi vijana wengi wa Mfaranyaki, Lizaboni na Bombambili. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 2011, yameleta misururu ya malori mazito, nayo barabara ya Tunduru, iliyokuwa mateso ya wazee, imewekwa lami.

Mazuri hayo yana makovu yake. Bodaboda zimejaza wodi za hospitali kwa miguu iliyovunjika. Spea bandia zimewafanya mafundi waaminifu waitwe wezi. Na magari ya sasa yana akili ya kompyuta ndani yake. Maradhi yake hupimwa kwa chombo, si kwa sikio na bisibisi. Fundi ambaye hakusoma anajikuta mbele ya gari lisilozungumza lugha yake.

Hata hivyo milango imefunguliwa ambayo mzee wetu hakuikuta. Mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na chuo chake kiko Songea. Upo pia utaratibu wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya shule. Fundi wa mtaani hupimwa kwa kazi ya mikono yake, hufunzwa pale anapopungukiwa, na akifaulu hupewa cheti. Wasichana nao wameanza kuvaa ovaroli na kushika spana, nasi twaona vema, maana injini haimwulizi mtu jinsia yake.

Tuwaambie nini walimu na wanafunzi? Twaomba jambo moja dogo. Katika kila mji wa Tanzania yuko mzee aliyekuwa utingo, dereva au fundi. Mwanafunzi wa historia na ende kwake na daftari, amwamkie, aketi, amwulize: ulijifunza kwa nani, ulipita njia gani, ulilipwa nini, ulitengeneza vipi siku ambayo spea hazikuwapo? Aandike kwa maneno ya mzee mwenyewe. Kazi hiyo haihitaji fedha. Inahitaji haraka tu, kwa sababu wazee hao wanapungua kila mwaka. Nasi tunaokaa maofisini tujifunze kusoma mikono ya mtu kabla hatujasoma karatasi zake.

Tufunge kwa ubeti tuliomtungia mzee wa chini ya mwembe, naye hayupo tena kuusikia:

Aliye chini ya gari, mgongo u mchangani,
Ajuaye zake siri, zilizofichika ndani,
Msidhani si hodari, kwa kukosa mitihani,
Mwandikeni kwa fahari, ajulikane nchini.